Leseni yako imefungwa Texas: mwongozo kamili wa kuifungua hatua kwa hatua

Watu wanazidi kukwama palepale. Mtu analipa tiketi yake yote kortini, anapewa risiti, anarudi nyumbani anajua mambo yameisha, baada ya muda anasimamishwa na polisi kule Dallas au Houston au Amarillo anaambiwa leseni yako bado imefungwa, anaondoka pale na tiketi nyingine nzito kuliko ya kwanza na gari limevutwa. Hela alilipa kweli na risiti anayo mfukoni. Ila alilipa korti, na korti siyo inayofungua leseni.

Texas leseni inafungwa na kufunguliwa na Department of Public Safety, ile tunayoiita DPS. Korti inamaliza kesi, kampuni ya bima inatuma fomu yake, ofisi ya Attorney General inashughulika na matunzo ya watoto, kila mmoja na lake. Hakuna anayekukusanyia vyote akavipeleka DPS, hiyo kazi ni yako wewe, ndo maana hapa nimepanga hatua kwa mfuatano na naomba usiruke hata moja.

Mwongozo huu ni wa Texas tu. Ndugu zangu wa Kentucky, Ohio, Minnesota, Arizona, ada zenu na muda wenu ni tofauti, msichukue namba za hapa mkazitumia huko.

## Vitu vya kuwa navyo mezani kabla hujaanza

- Namba ya leseni au ID ya Texas. Kama polisi alichukua kadi, namba utaiona kwenye tiketi au kwenye barua ya DPS.
- Tarehe ya kuzaliwa kama ilivyoandikwa kwenye leseni. Wengi tuliopitia kambi za wakimbizi tuliandikiwa 01/01, na mfumo unaijua hiyo tu, ukijaza ile ya kweli aliyokwambia mama haukutambui. Na Marekani mwezi unatangulia siku.
- Tarakimu nne za mwisho za Social Security.
- Tiketi zote na barua zote, hata zile ambazo hukuzifungua. Fungua leo.
- Kadi ya benki, au hela ya kununulia mani oda.
- Imeili unayoweza kuifungua mwenyewe. Siyo ya mtoto, siyo ya jirani aliyekusaidia mwaka juzi akahamia Iowa.
- Folda moja ya karatasi. Kila risiti, kila barua, kila karatasi yenye mhuri inaingia humo, na piga picha kwa simu pia.

Kama Kiingereza kinakusumbua tafuta mtu mzima unayemwamini akae na wewe. Watoto wetu wanasoma vizuri lakini mambo ya korti usiwabebeshe, kuna maneno hata wao hawayajui na kosa dogo linakugharimu wewe.

## Onyo la kwanza: usiendeshe wakati unashughulikia

Najua kazi iko mbali na basi halifiki. Lakini kuendesha leseni ikiwa imefungwa ni kosa la jinai Texas, siyo tiketi ya kawaida. Mara ya kwanza kwa kawaida ni faini mpaka dola 500. Inapanda daraja kama ulishawahi kuhukumiwa kosa hilohilo, au kama gari halina bima, au kama leseni ilifungwa kwa sababu ya ulevi, na hapo tunaongelea faini mpaka dola 2,000 na kifungo mpaka siku 180.

Na ukihukumiwa, DPS inaongeza muda mwingine wa kufungiwa juu ya ule uliokuwa nao. Hapo ndo watu wanapotea kabisa: alifungiwa miezi mitatu, akaendesha, ikawa sita, akaendesha tena. Kama kweli huwezi kuishi bila kuendesha kuna njia halali, nimeieleza chini kwenye leseni ya kazi. Tumia hiyo.

## Hatua ya 1: Angalia DPS wanasema unadaiwa nini

Usilipe chochote kabla ya hatua hii. Nenda kwenye tovuti ya Texas.gov sehemu ya madereva, tafuta ukurasa wa License Eligibility. Jaza namba ya leseni, tarehe ya kuzaliwa na zile tarakimu nne. Kuangalia ni bure.

Ukurasa utakuonyesha kama hali yako ni Eligible (unaruhusiwa) au Not Eligible (huruhusiwi), alafu chini yake orodha ya kila kitu kinachokuzuia: imefungwa kwa kosa gani, kuanzia lini mpaka lini, karatasi gani inatakiwa, ada ni kiasi gani. Soma mpaka mwisho wa ukurasa. Wengi wanaona kitu cha kwanza wanafunga simu wanakimbia kulipa, kumbe chini kuna vingine viwili.

Kwa nini uanzie hapa: barua za DPS zinaenda kwenye anwani waliyonayo wao. Sheria inataka uwaambie ndani ya siku 30 ukihama, na wengi tunahama apatimenti bila kusema kitu, kwa hiyo barua ya onyo ilikwenda kwenye nyumba ya zamani na wewe leseni ikafungwa bila kujua. Ukurasa huu ndo unaosema ukweli wa leo.

Angalizo: ukiandika "Texas license reinstatement" kwenye Google zinatokea tovuti za watu binafsi zinazoomba dola 30 au 50 ili "zikuangalizie". Ya serikali ya kuangalizia leseni inaishia na texas.gov. Angalia juu pale kwenye anwani kabla hujaweka Social Security yako.

Utajuaje umefaulu: umepiga skrinshoti ya ukurasa mzima, na kwenye karatasi umeandika kila kizuizi na kinachotakiwa mbele yake. Hiyo karatasi ndo ramani yako.

## Hatua ya 2: Elewa kila kizuizi kinatoka wapi

Kila kizuizi kina ofisi yake, kwa hiyo ukijua kinatoka wapi utajua pa kwenda. Hivi ndo vinavyowapata watu wetu zaidi.

Hukwenda kortini au hukulipa tiketi. Korti inakuripoti kwenye mfumo unaoitwa OmniBase, na DPS inakataa ku-renew leseni. Sikiliza vizuri hapa: peke yake hii haifungi leseni ambayo bado haijaisha muda, inazuia kuirudisha upya ikishaisha. Kwa hiyo usiogope mapema lakini pia usilale. Unalipia kortini dola 10 kwa kila kosa lililoripotiwa, juu ya faini yenyewe. Kwenye tovuti ya Texas Failure to Appear unaweza kuona ni korti gani zimekuripoti na namba zao za simu.

Bima. Ulihukumiwa zaidi ya mara moja kwa kuendesha bila bima, au uligonga huna bima na mwenzako hajalipwa. Hapa utahitaji SR-22, cheti cha bima nilichokieleza hatua ya 4, na kama ni ajali DPS itataka pia uthibitisho kwamba umemlipa au mmekubaliana.

Ulevi. Ukikamatwa kwa DWI, yaani kuendesha umelewa, kuna mambo mawili yanakwenda sambamba na watu wanayachanganya. Kuna kesi ya jinai kortini, na kuna ALR (Administrative License Revocation), yaani DPS wenyewe kufunga leseni, mbali na kesi ya korti. Kwa mara ya kwanza, kipimo kikizidi ni siku 90, ukikataa kupimwa ni siku 180. Polisi anakupa karatasi inayotumika kama kibali cha muda, na una siku 15 tu tangu upewe ile notisi kuomba kusikilizwa. Usipoomba, siku ya 40 leseni inafungwa yenyewe. Kama umekamatwa wiki hii acha kusoma vingine vyote, piga simu kwa wakili leo.

Tiketi nyingi. Makosa manne ya uendeshaji ndani ya miezi 12, au saba ndani ya miezi 24.

Matunzo ya mtoto. Hii DPS hawana la kukusaidia mpaka Attorney General awaandikie. Nenda kwenye ofisi yake ya Child Support uombe mpango wa kulipa.

Jimbo lingine. Ulikuwa Louisville au Columbus, ukaacha tiketi huko, ukahamia Fort Worth. Majimbo yanaonana kupitia rejista ya taifa ya madereva, na Texas haikupi leseni mpaka jimbo lile likufungue. Anza na lile jimbo, omba barua ya kuthibitisha wamekufungua, ndo urudi Texas.

## Hatua ya 3: Maliza na korti, lakini usikimbilie kulipa

Angalia juu ya tiketi uone ni korti ipi. Polisi wa mji kwa kawaida anakupeleka Municipal Court ya mji ule. Askari wa barabara kuu, sherifu au konstebo anakupeleka kwa Justice of the Peace wa eneo lile. Ukienda korti isiyo yako watakwambia hatuna jina lako, na wengine wanatafsiri hiyo kama "nimesamehewa". Hapana.

Sasa hili ndo jambo ambalo ningeomba kila mtu alijue. Kulipa tiketi onlaini maana yake umekubali kuhukumiwa. Unabonyeza, unaweka kadi, umemaliza, na hukumu inaingia kwenye rekodi yako DPS. Kwa tiketi ya mwendo kasi moja labda sawa. Lakini kwa tiketi ya kutokuwa na bima mara ya pili, au ya kuendesha leseni ikiwa imefungwa, ile hukumu yenyewe ndo inaleta kufungiwa kupya. Mtu amelipa kwa nia njema ili asafishe rekodi, kumbe amejiongezea kizuizi.

Kwa hiyo kwa tiketi za aina hiyo nenda, ongea na mwendesha mashtaka kabla ya jaji, uliza kuhusu deferred disposition, yaani unapewa masharti kwa muda fulani, ukiyatimiza kesi inafutwa na haiingii kama hukumu. Kwa wenye CDL, leseni ya lori na magari makubwa ya biashara, hii haipo kwa makosa ya uendeshaji, hata kama siku hiyo ulikuwa na gari lako dogo la nyumbani. Madereva wa lori, ongeeni na wakili kabla hamjasaini kitu.

Kama ulipewa tiketi ya bima na kumbe bima ulikuwa nayo siku ile, peleka uthibitisho kortini, kesi inafutwa. Lakini iwe ilikuwa inafanya kazi saa ile ya tiketi, bima uliyokata kesho yake haihesabiwi.

Kama unaogopa kukamatwa. Watu wanakaa miaka hawaendi kortini kwa sababu wamesikia kuna waranti. Sheria ya Texas inamtaka jaji wa korti hizi ndogo afute waranti ya kutofika kortini endapo umekwenda mwenyewe kwa hiari kabla hujakamatwa na umeonyesha nia ya kweli ya kumaliza jambo. Kwenda mwenyewe kunakulinda kuliko kukaa nyumbani. Piga simu kwanza kwa karani, uliza siku gani unaweza kuingia bila miadi. Hii ni kwa tiketi za korti ndogo. Kama ni DWI au kosa kubwa zaidi nenda na wakili.

Kama huna hela. Mwambie jaji, usimwambie karani peke yake. Jaji anatakiwa kuuliza uwezo wako, na anaweza kukupa kulipa kidogo kidogo, kufanya kazi za jamii badala ya hela, au kupunguza na hata kusamehe. Beba ushahidi: risiti za mshahara, barua ya food stamps, Medicaid, bili ya nyumba. Mtu mwenye karatasi anasikilizwa haraka kuliko mwenye maelezo matupu.

Mkalimani ni haki yako na hulipi. Omba mapema kwa simu. Ukiulizwa lugha sema Kiswahili, na kama wewe ni wa Kongo sema wazi Kiswahili cha Kongo, maana wakalimani wengi wanaongea cha Kenya au Tanzania na mkiwa mbele ya jaji siyo mahali pa kuanza kupishana maneno. Kama unasikia vizuri zaidi Kinyarwanda, Kirundi au Lingala, omba hicho. Na jaji akiuliza "umeelewa?" na hujaelewa, sema hapana. Heshima yetu ya kuitikia ndiyo kwa mkubwa haifai pale.

Kwa ambaye siyo raia: kama kosa ni la ulevi au dawa za kulevya, ongea na wakili wa uhamiaji kabla ya kukubali kosa lolote. Leseni inarudi, karatasi za uhamiaji zikiharibika ni habari nyingine kabisa.

Utajuaje umefaulu: una karatasi ya korti inayosema kesi imefungwa au imefutwa, ina namba ya kesi na mhuri. Muulize karani swali moja kabla hujatoka: mtatuma lini taarifa kwa OmniBase na DPS? Andika jibu, tarehe na jina lake.

## Hatua ya 4: SR-22

Kama karatasi yako ya hatua ya 1 haijataja SR-22, ruka hii.

SR-22 siyo aina ya bima. Ni cheti ambacho kampuni ya bima inaituma DPS kusema huyu mtu ana bima angalau ile ya chini ya Texas, ambayo ni dola 30,000 kwa mtu mmoja aliyeumia, 60,000 kwa ajali nzima na 25,000 kwa mali. Kadi ya kawaida ya bima ile unayoweka garini DPS haiikubali badala yake, hata ukiituma mara kumi.

Piga simu kwa ajenti wako, mwambie unataka SR-22 itumwe DPS ya Texas. Kampuni nyingine hazitoi, hapo itabidi uhame. Uliza bei kwa ajenti watatu angalau kwa sababu tofauti ni kubwa mno, na kampuni inatoza ada kidogo ya kutuma hicho cheti.

Huna gari? Bado unaweza. Kuna SR-22 ya mtu asiye na gari, non-owner, na mara nyingi ni rahisi zaidi. Watu wengi wanakaa wanasubiri kununua gari kwanza ndo wafungue leseni, hakuna haja.

Onyo kubwa: kwa kawaida SR-22 inatakiwa miaka miwili bila kukatika, na hiyo miaka inahesabiwa tangu tarehe ya hukumu, siyo tangu siku uliyokata bima. Ukichelewa kulipa mwezi mmoja kampuni inaiarifu DPS na leseni inafungwa tena. Weka malipo yakatwe yenyewe benki. Ukihamia kampuni nyingine hakikisha SR-22 mpya imeshafika DPS ndo uivunje ya zamani, usifanye kinyume.

Utajuaje umefaulu: ajenti amekupa kopi yenye jina lako kama lilivyo kwenye leseni. Majina yetu matatu matatu yanapinduliwa sana, jina la babu linakuwa la kwanza, la ubatizo linapotea. Soma herufi kwa herufi ukiwa palepale.

## Hatua ya 5: Vyeti vya masomo na karatasi nyingine

Makosa mengine yanadai darasa. DWI ya kwanza ni darasa lenye jumla ya saa 12, dawa za kulevya ni jumla ya saa 15. Hakikisha shule ina leseni ya TDLR, ofisi ya jimbo inayotoa leseni kwa shule hizi, maana cheti cha shule isiyotambulika ni hela ya bure.

Zikusanye karatasi zote ukazitume pamoja. Juu ya kila ukurasa andika jina lako kamili, tarehe ya kuzaliwa na namba ya leseni, kwa sababu zikifika DPS kurasa zinaweza kutengana, karatasi isiyo na namba haina mwenyewe. Njia za kutuma, kama ni posta, faksi au imeili, zimeandikwa kwenye ukurasa wa DPS wa Reinstatement. Orijino baki nazo.

## Hatua ya 6: Lipa ada ya DPS

Hii ndo hatua iliyosahauliwa kuliko zote. Ni hela tofauti na faini ya korti. Kwa kufungiwa kwingi ni dola 100, kwa ALR ni dola 125, na kama una vizuizi viwili unaweza kudaiwa ada mbili. Ukurasa wa Eligibility umeshakuandikia jumla, lipa hiyohiyo.

Rahisi zaidi ni kulipa palepale onlaini. Ukitumia posta, weka cheki au mani oda, andika namba ya leseni juu yake, na usitupe kile kipande cha mani oda. Pesa taslimu usitie kwenye bahasha.

Onyo: kulipa ada kabla muda wa kufungiwa haujaisha hakufupishi muda. Kama ni siku 180, ni siku 180. Unaweza kulipa mapema ili siku ikifika usichelewe, lakini usiwashe gari kwa sababu umelipa.

## Hatua ya 7: Subiri, na uangalie tena

DPS husema karatasi zinaweza kuchukua mpaka siku 21 za kazi, hiyo ni kama mwezi mzima ukitoa wikiendi. Ada iliyolipwa onlaini inaonekana haraka zaidi.

Rudi kwenye ukurasa ule wa hatua ya 1 kila wiki, linganisha na karatasi yako, kimoja kimoja kikiondoka kikate. Kama muda umepita na kitu bado kipo, piga simu DPS ukiwa na folda mbele yako, na uwaambie ulituma nini, tarehe gani, kwa njia gani. Mara nyingi tatizo ni karatasi isiyosomeka, jina lisilolingana, au korti haijaripoti. Kama ni korti, rudi kwa yule karani uliyeandika jina lake.

Utajuaje umefaulu: hali inasoma Eligible. Hakuna kingine kinachohesabika. Risiti siyo, maneno ya ajenti siyo, "naona umeshamaliza" ya karani siyo. Piga skrinshoti yenye tarehe, ibaki kwenye simu.

## Hatua ya 8: Hakikisha una kadi halali mkononi

Eligible maana yake unaruhusiwa, ila kama kadi imeisha muda au ilichukuliwa bado huna leseni mkononi. Kadi iliyopotea au kuchukuliwa unaomba nyingine kwa dola 11. Iliyoisha muda una-renew, kwa watu wengi ni dola 33. Ikiwa imeisha zaidi ya miaka miwili unaanza upya na mtihani wa kuandika na wa barabarani.

Miadi ya DPS chukua mapema onlaini, na kama mjini kumejaa jaribu ofisi za miji midogo ya pembeni. Asiye raia abebe karatasi za uhamiaji ambazo hazijaisha muda, kwa sababu leseni ya muda inafuata hizo tarehe.

## Kama huwezi kusubiri: leseni ya kazi

Occupational Driver License ni ruhusa ya jaji ya kuendesha kwenda kazini, shuleni na shughuli za lazima za nyumbani wakati leseni bado imefungwa. Haitolewi na DPS kwanza, inaanzia kortini.

Unaandika ombi, unalipeleka Justice of the Peace, County au District Court ya unakoishi au ya kosa lilipotokea. Fomu za bure zipo TexasLawHelp.org. Beba SR-22, rekodi yako ya udereva kutoka DPS, na barua ya mwajiri. Barua ya mwajiri iwe na anwani ya kazi, siku na saa za kuingia na kutoka, siyo "anafanya kazi kwetu" basi. Kawaida jaji anatoa jumla ya saa 4 za kuendesha kwa siku, na anaweza kufika saa 12 ukionyesha haja, kwa hiyo mwenye shifti ya usiku kwenye kiwanda cha nyama aonyeshe saa zake na umbali wa barabara.

Jaji akisaini, omba kopi zenye mhuri. Moja utume DPS pamoja na SR-22, ada ya leseni hiyo ambayo ni dola 10 kwa mwaka mmoja, na ada za kufunguliwa unazodaiwa. Nyingine kaa nayo garini, inatumika kama leseni kwa siku 45 tangu jaji asaini, wakati unasubiri kadi.

Haikuruhusu kuendesha gari la biashara la CDL. Haitolewi kwa aliyefungiwa kwa ugonjwa au kwa matunzo ya mtoto. Na waliowahi kufungiwa kwa ulevi miaka ya nyuma wanaweza kulazimika kusubiri kwanza siku 90 au zaidi kabla haijaanza kazi. Ukiendesha nje ya saa au njia ulizopewa ni kosa jipya.

## Msaada wa bure, na wa kuepuka

Kipato kikiwa kidogo, Lone Star Legal Aid wapo Houston na mashariki, Legal Aid of NorthWest Texas wanashika Dallas, Fort Worth, Abilene na Amarillo, na Texas RioGrande Legal Aid wako San Antonio, Austin na kusini. Piga simu asubuhi, eleza kwa ufupi, omba mkalimani.

Zile surcharge za zamani za DPS, za kulipa kila mwaka kwa miaka mitatu, zilifutwa tarehe 1 Septemba 2019 na madeni yake yakafutwa pia. Mtu akikupigia leo anadai surcharge, kata simu.

Na yule anayesema ana mtu wake DPS wa kuisafisha leseni kwa dola 500, tena ulipe kwa Zelle au Cash App, hana mtu. Vizuizi vyako vyote umeshaviona mwenyewe bure kwenye hatua ya 1, na kila kimoja kina ofisi inayotoa risiti.